Robo Saa Baada ya Ugali

Lidwina Mapunda alishona nguo kwenye baraza la duka la Bashiru, pale Songea mjini, kwa miaka kumi na tisa. Magauni mengi ya arusi yaliyopita mitaa ya Lizaboni na Mfaranyaki yalipita kwanza mikononi mwake. Sare za kwaya alishona yeye, kaptura za shule alishona yeye, na padri akichana kanzu aliletewa yeye. Ukipita dukani ulimkuta palepale: miwani puani, futi shingoni, mguu kwenye pedeli. Watu walimwita Mama Sixbert, kwa jina la mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa milango. Malori yakashusha marobota ya mitumba sokoni, na mtu aliyezoea kushonewa gauni moja kwa mwaka akawa anavaa matatu, yote ya Ulaya. Mafundi wawili waliokaa na Lidwina barazani wakafunga mashine zao. Mmoja alikwenda kulima mahindi Lusewa, mwingine hata hakuaga. Mwaka huohuo mume wake, Thadeo, aliyekuwa karani wa ghala la ushirika, alirudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi. Akachukua jembe. Lidwina naye akazidi kukaa. Zamani saa saba alikuwa akiinuka na kutembea hadi nyumbani kula. Sasa ugali aliuleta kwenye bakuli la kufunika, akaulia kwenye kiti chake cha kazi, akanawa mikono, akaendelea kushona mpaka asione tena tundu la sindano.

Ugonjwa wa sukari ulijulikana mwaka 1993, miezi minane tu baada ya kumzika dada yake, Dorine. Dorine aliugua sukari hiyohiyo. Walimkata kidole, wakamkata nusu ya unyayo, mwishowe wakamkata mguu chini ya goti, na aliyekuwa akimwosha siku zote hizo ni Lidwina. "Lidi," alikuwa akimwambia, "nikune kidole kile kikubwa, kinaniwasha." Na kidole hakikuwapo. Dorine alifariki kabla kidonda cha mwisho hakijafunga.

Kwa hiyo nesi wa kliniki ya sukari alipomwambia majibu yake, Lidwina hakulia. Aliinama akaangalia miguu yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeaga.

Nesi huyo aliitwa Tumpe, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, aliyehamishiwa Songea na serikali. Alikuwa mpole lakini mwenye haraka, maana kila Jumatano, siku ya kliniki, alihudumia watu hamsini.

"Mama, vidonge hivi utameza kila siku asubuhi," alisema. "Chai bila sukari. Ugali upunguze, mboga ongeza. Na utembee kila siku, angalau dakika arobaini na tano au saa nzima. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, mwanangu."

Alimpa pia kichupa cha dawa ya bluu na mrija wa kioo. Akamfundisha: matone manane ya mkojo ndani ya dawa, halafu mrija usimamishwe kwenye maji yanayochemka. Rangi ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikigeuka nyekundu kama tofali, mama, hapo kuna hatari.

Lidwina alishika amri ya kutembea kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa kisimani. Saa kumi na moja alfajiri alimeza kidonge kwa maji, akafunga kitenge, akashika barabara ya Matogoro. Baridi ya Songea ya mwezi wa sita ilimkata masikio, hakujali. Alikwenda mpaka nyumba zilipoanza kuachana, akageuka, akarudi anatoka jasho. Akipima mkojo akifika nyumbani, dawa ilibaki bluu safi. Alimwamsha Thadeo amwonyeshe. Baada ya hapo alikunywa uji, akaenda dukani, akakaa mpaka jioni.

Mwezi ulipotimia alikwenda kliniki kwa furaha. Kliniki ilianza saa nne, watu wakiwa wamekwisha kunywa chai makwao. Tumpe alitazama karatasi ya maabara, akakunja uso.

"Kumi na saba, mama. Hii ni juu sana. Unatembea kweli?"

"Kila siku ya Mungu natembea."

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

Tumpe hakubisha, ila aliandika jambo kwenye kadi, na Lidwina akajua ameandikwa kuwa mwongo. Siku hiyohiyo, baada ya kula ugali wake wa mchana, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla: alipima saa nane. Nyuma ya duka alichukua makaa ya pasi yake, akayaweka chini ya mkebe wa maji, akasimamisha mrija ndani. Dawa ilianza bluu. Ikawa kijani. Ikawa njano. Akaomba kimoyomoyo isimame hapo. Haikusimama. Ilipofika nyekundu ya tofali alimwaga maji juu ya makaa, akabaki amechuchumaa kwenye moshi.

"Mama Sixbert, unapika nini huko?" Bashiru aliita kutoka dukani.

"Sipiki kitu, baba."

Alidhani kosa ni lake, kwamba hajatembea vya kutosha. Akaongeza. Mwendo wa saa moja ukawa wa saa mbili. Akaanza kutoka mapema zaidi, na usiku alikula mchicha mtupu ili alfajiri tumbo liwe jepesi. Thadeo alimwambia, "Mke wangu, hata ng'ombe wa plau hupumzishwa." Yeye akajibu kwamba Dorine alipumzika sana, na leo amepumzika moja kwa moja.

Siku ya kumi na mbili ya mwendo huo, kwenye saa moja asubuhi, alikuwa anarudi kutoka Matogoro mikono ilipoanza kumtetemeka. Jasho la baridi likamtoka. Barabara ikawa kama inapumua. Alitaka kumwita mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi kando ya njia, lakini ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka yamevunjika. Akaenda upande, akaanguka kwenye mtaro, kitenge kikamfunuka magotini.

Wanaume wawili walisimama wakamtazama.

"Huyu pombe ya komoni ya jana bado imo kichwani," mmoja alisema.

"Mtu mzima hivi! Aibu."

Alisikia kila neno na hakuweza kujibu. Yule mama wa maandazi ndiye aliyeshuka mtaroni, akamwinua kichwa, akamnywesha kikombe cha chai ya sukari kidogo kidogo. Baada ya muda dunia ikatulia. Lidwina akakaa, akajifunika magoti, akalia kwa sauti mbele za watu, jambo ambalo hata kwenye msiba wa Dorine hakulifanya.

Kabla ya jua kuwa kali habari zilikuwa zimefika parokiani. Jioni Notburga, mwenyekiti wa akina mama wa Kikatoliki, alikuja nyumbani, akakaa, akazungumzia mvua na mbolea, halafu akasema taratibu, "Dada Lidwina, tumesikia jambo. Kama kuna tatizo la kinywaji, sisi ni wenzako. Hatuhukumu."

Lidwina alimtazama mwanamke huyu ambaye gauni lake la jubilei alilishona yeye. "Nina sukari, Notburga," alisema. "Pombe sijaionja tangu kipaimara." Lakini aliona machoni mwa mgeni wake kwamba hakuaminiwa.

Notburga alipoondoka, Thadeo alichukua raba za mkewe, akazifungia sandukuni. "Kutembea basi," alisema. "Siwezi kuja kukuokota mtaroni."

Lidwina hakuwa na nguvu ya kupinga. Kwa wiki tano aliacha kutembea kabisa. Alikwenda kazini na kurudi kwa kuomba lifti kwenye baiskeli ya jirani, akakaa, akala, akashona. Kila alipopima saa nane ilikuwa tofali. Mwishowe akaacha hata kupima. Macho yakaanza kuingia ukungu. Kiu ikawa haimwachi. Bashiru alimletea maji kila alipojaza birika la duka, na siku moja akamsikia anaongea peke yake juu ya pindo la sketi: "Nikitembea naanguka. Nikikaa naoza."

"Usiseme hivyo, mama," Bashiru alisema. "Mungu hajaleta ugonjwa asilete na dawa yake."

"Dada yangu aliletewa nini?"

Bashiru akarudi ndani kukunja vitenge.

Mwezi wa tisa ndipo lilipotokea jambo la pini. Lidwina alikuwa anashona, mguu unakwenda kwenye pedeli kama kawaida, mteja aliyekuwa anasubiri akashtuka. "Mama, damu!" Chuma cha pedeli kilikuwa kimelowa. Lidwina alivua ndala. Pini ya kubania nguo ilikuwa imepenya ndala na kuzama kwenye nyama, chini ya kidole cha pili, kichwa chake tu kikibaki nje. Akaishika kwa kucha akaivuta. Ilitoka yote. Hakusikia chochote. Alingoja maumivu, akaubonyeza mguu kwa kidole gumba kuyatafuta, lakini wapi. Mguu ulikuwa kama si wake.

Kutokusikia huko ndiko kulikomwogopesha kuliko damu. Hata hivyo alifunga kitambaa, akaficha. Siku tatu alimficha Thadeo. Siku ya nne mguu ulijaa kama muhogo ulioloweshwa, na harufu yenyewe ikamshtaki. Thadeo alifungua kitambaa, akakaa chini sakafuni. Halafu alikwenda kutafuta gari.

Hospitali walimkata kidole cha pili. Walimwambia wataangalia kama sumu itasimama hapo. Alilala amegeukia ukuta, chakula hakitaki, wageni hawataki. Aliihesabu njia ya Dorine: kidole, unyayo, goti. Siku ya tatu Tumpe alipita wodini, akamkuta.

"Shikamoo, mama."

Lidwina aliiruka marahaba, akasema bila kugeuka, "Waambie wanikate wote leo. Wa kulia na wa kushoto. Nimechoka kungojea."

Tumpe alivuta kiti. Haikuwa Jumatano, hakuwa na foleni. Labda ndiyo sababu akauliza alichokuwa hajakiuliza. "Mama, hebu nisimulie siku yako. Tangu unapoamka mpaka unapolala. Usiruke kitu."

Lidwina alisimulia kwa ukuta. Kidonge na maji. Matogoro. Mrija wa bluu alfajiri. Uji, kiti. Ugali, kiti. Mrija wa tofali saa nane. Saa mbili za kutembea, mtaro, chai ya yule mama. Alipofika kwenye maneno ya wale wanaume aligeuka, akaona nesi ameshika kichwa.

"Mama, nisamehe," Tumpe alisema. "Nilikudhania vibaya. Nilikwambia utembee saa nzima kama nilivyofundishwa, sikukuuliza utatembea saa ngapi. Sikiliza. Alfajiri hujala, sukari damuni ni kidogo, na umemeza kidonge kinachoishusha. Unatembea saa mbili, inakwisha kabisa, unaanguka. Mchana unakula ugali, sukari inapanda, na wakati huo ndipo umekaa. Pedeli husogeza unyayo tu, miguu haifanyi kazi, kwa hiyo sukari haina pa kwenda."

"Kwa hiyo nimetembea bure?"

"Si bure. Lakini umeutumia mwendo wote wakati usiouhitaji sana, ukakosa akiba ya wakati unaouhitaji. Ugawe, mama. Ukimaliza chai, robo saa. Ukimaliza ugali wa mchana, robo saa. Ukimaliza chakula cha jioni, robo saa. Basi. Ni zilezile dakika arobaini na tano nilizokwambia mwanzo. Na kidonge kimeze na chakula, usikimeze na safari. Sijui kama kwako itatosha. Watu hawafanani. Lakini tujaribu."

Lidwina alicheka kicheko kibaya. "Robo saa! Hapo na sokoni na kurudi. Kwa mtu ambaye Matogoro yote haikumsaidia? Na kidole changu je, si kingekuwapo kama ungeniambia hayo mwezi wa sita?"

Tumpe aliinamisha macho. "Ilinipasa nikuambie mwezi wa sita, mama. Ni kweli."

Lidwina alilipokea jibu hilo la kukubali kosa. Angeletewa maneno matamu angeyatema.

Wiki sita alikatazwa kutembea mpaka kidonda kifunge. Kilifunga pole pole, kwa neema, na Thadeo alijifunza kukiosha. Katikati ya mwezi wa kumi na moja alirudi barazani amevaa viatu vya kufunika, vya wazi alikwishakatazwa, na kila asubuhi Thadeo alimkagua nyayo kama anavyokagua mbegu. Siku ya kwanza alikula ugali wake, akaangalia saa ya ukutani ya Bashiru, akasimama.

Hakujua kwamba robo saa ingekuwa ngumu kuliko saa mbili. Alfajiri barabara ilikuwa yake peke yake. Saa saba na nusu mchana mji mzima ulikuwa nje. "Mama Sixbert, habari za siku? Unakwenda wapi?" "Pole na kuuguza mguu. Na baba hajambo? Na shamba?" Mtu hawezi kumpita mwenzake kama kichaa, kwa hiyo alisimama, akajibu, akauliza naye. Wazee aliwaamkia shikamoo na kungoja wamalize. Robo saa ikaisha amepita maduka manne tu. Na swali la unakwenda wapi halikuwa na jibu. Akisema nakwenda na kurudi tu, walitazamana. Wengine walikumbuka habari ya mtaro.

Siku ya tatu alirudi akakuta mteja ameondoka. Bashiru alikuwa amesimama mlangoni, uso umekaza.

"Shikamoo, mama. Mimi sikatai ugonjwa. Lakini mtu amekuja na kitambaa chake, akaona kiti kitupu, amekwenda kununua mtumba. Wateja wenyewe tumebaki nao wangapi?"

"Wachache, baba."

"Sasa?"

Lidwina alikwenda nyuma ya duka na mkebe wake, akachochea makaa ya pasi. Bashiru akamfuata, bado ana hasira, akauliza ni kitu gani hasa anachokichemsha huko siku zote. Safari hii alimwambia. Alimweleza kila rangi na maana yake, na tofali, na Dorine. Wakasimama wote wawili juu ya mkebe. Bluu ikaondoka. Ikaja kijani, ikaja njano. Lidwina alishika ukuta. Njano ikakolea, ikavuta kuelekea chungwa. Ikasimama.

"Imekwisha?" Bashiru aliuliza.

"Ngoja."

Walingoja. Haikuendelea.

"Si nzuri," Lidwina alisema. "Lakini si tofali."

Kesho yake, Lidwina alipoinuka baada ya ugali, alimkuta Bashiru ameweka kigoda chake karibu na mashine, na futi ya kupimia ameivaa yeye shingoni. "Vipimo naweza kuchukua," alisema. "Kiuno ni kiuno. Nenda."

Haikuwa njia iliyonyooka. Zilikuwapo siku za sherehe alipokula wali wa watu na tofali ikarudi, na alilia kama siku ya kwanza. Wiki ya Krismasi vidonge viliadimika kliniki, na kwa siku tisa alikuwa na robo saa zake tu na hofu. Alitembea siku hizo kama mtu anayefukuzwa, akizunguka kanisa baada ya chai, akizunguka soko mchana, na jioni Thadeo akimsindikiza mpaka kwenye mti wa mwisho wa Lizaboni na kurudi. Thadeo hakuwa msemaji. Alihesabu dakika kwa sauti ndogo, na wakikutana na watu yeye ndiye aliyejibu, "Tunashusha chakula." Jibu hilo watu walilielewa. Ndilo likawa jibu lake Lidwina pia.

Mwezi wa pili karatasi ya maabara ilisema kumi na moja. Mwezi wa nne ikasema tisa. Tumpe aliisoma mara mbili, akaomba apimwe tena, ikawa tisa. "Mama!" alisema, akamshika mikono yote miwili.

Lidwina alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na ufa. Daktari wa macho aliyekuja kutoka mkoa mwingine alikuwa amemwambia wiki hiyo kwamba jicho la kushoto limeharibika na halitarudi. Tundu la sindano sasa alilitafuta kwa kupapasa, na arusi zilikwenda kwa fundi mwingine. Yeye alibaki na pindo, zipu na sare za shule. Usingizini bado aliona mguu wa Dorine. Alimuuliza Tumpe kama dada yake, angegawiwa mwendo wake vile, angepona.

"Sijui, mama," Tumpe alijibu. "Kweli sijui."

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Alhamisi moja mvua ilishuka juu ya mabati wakati Lidwina anafunika bakuli lake, mvua ya kutosikilizana, na barabara ikageuka mto mwekundu. Alisimama kwenye ukingo wa baraza, viatu vyake vya kufunika miguuni, akatazama maji. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano.

Bashiru aliinuka. Akaanza kuburuta marobota ya vitenge, moja huku, moja kule, akisukuma kaunta kwa nyonga, mpaka katikati ya duka pakawa na kichochoro chembamba kutoka mlangoni hadi stoo.

"Hatua kumi na nne," alisema kwa kupaza sauti juu ya mvua. "Nimezihesabu. Haya, mama."

Lidwina akaingia. Akaenda mpaka stoo, akageuka, akarudi mpaka mlangoni, akageuka. Mwanamke aliyejibanza barazani kukimbia mvua alichungulia ndani, akauliza huyu mama amepoteza nini. Lidwina alikuwa amefika stoo tena, mkono mmoja kwenye vitenge ili asiyumbe, jicho lake zima kwenye saa.